Kwa Nini Asipige Simu?

Vijana wa uani kwetu wana swali moja ambalo hawachoki kuliuliza. Nikiwawekea filamu iliyotwaa tanzia ya kale, mchezo wa jukwaani unaoishia kwa msiba, na kuileta kwenye zama za magari na runinga, haifiki nusu kabla mmoja wao hajasema: "Mwalimu, sasa huyu kwa nini asipige simu?" Wengine hucheka, wengine humnyamazisha. Mimi hulipokea kwa heshima zote, maana nimelisikia mpaka nimeamini kwamba ndilo mizani ya kupimia kazi nzima. Tanzia inamtaka mtu aliyezibiwa njia. Ukimtoa Verona ya zamani, mji wa Romeo na Juliet, ukamweka mjini leo, njia zinafunguka: kuna simu, kuna basi la usiku, kuna polisi, kuna talaka, kuna shangazi Dar es Salaam wa kumkimbilia. Mwenye filamu asipopata kitu cha kuziziba upya, anabaki na mavazi mapya kwenye hadithi isiyosimama.

Nafundisha fasihi ya Kiingereza sekondari hapa Tanga. Jioni za mwisho wa wiki nakaa na kikundi cha sanaa cha mtaani: yumo fundi cherehani, kondakta wa daladala, wawili wa chuo cha ualimu, kijana anayefanya kazi kwenye majahazi, na wengine wanaokuja na kupotea. Tuna kamera ya kuazima na hamu ya kutoa filamu fupi kutokana na Othello, tamthiliya ya Shakespeare ya jemadari mweusi anayedanganywa na msaidizi wake Iago mpaka anamwua mkewe Desdemona kwa wivu. Kabla ya kuandika chochote tulikubaliana kuwatazama waliotutangulia. Shuka jeupe ukutani, projekta juu ya stuli, spika, na mimi pembeni natafsiri kwa mdomo kama wale wanaotia Kiswahili kwenye filamu za vibandani, bila mbwembwe zao. Mama mwenye nyumba na majirani zake huja na mikeka yao. Wamekua na filamu za Kihindi tangu utoto, na hilo lilikuja kutufaa sana.

Tulianza na Romeo + Juliet ya Baz Luhrmann ya mwaka 1996, iliyopigwa picha Mexico. Maneno ni ya Shakespeare yale yale, ila mji ni Verona Beach, familia mbili hasimu za wapenzi wale ni kampuni zenye maghorofa yanayotazamana, mtawala wa mji amekuwa mkuu wa polisi juu ya helikopta, na utangulizi wa tamthiliya unasomwa na mtangazaji wa habari. Watu wanataja panga huku mikononi wameshika bastola, na kamera inasogea kutuonyesha neno Sword limechongwa kwenye chuma, kama jina la kiwanda. Vijana walilipenda hilo mara moja.

Kisha ikafika barua. Katika tamthiliya, barua ya kumjulisha Romeo kwamba Juliet hajafa, kalazwa na dawa tu, inabebwa na mtawa. Mtawa anafungiwa ndani ya nyumba inayoshukiwa kuwa na tauni, wakaguzi wa mji wanaziba milango, barua haifiki. Watazamaji wa London hawakuhitaji maelezo. Kumbi zao zenyewe zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya tauni kwa sehemu kubwa ya muda kati ya mwaka 1592 na 1594, muda mfupi tu kabla ya tamthiliya hii. Luhrmann ameitoa tauni, akaleta kampuni ya kusafirisha vifurushi. Mjumbe anafika kwenye trela jangwani, hampati Romeo, anaacha taarifa, anaondoka. Uani kulichafuka. Kondakta alisimama kabisa: "Mji una helikopta, una runinga, halafu padri anategemea mtu wa vifurushi?" Nilimwambia mwaka 1996 si kila mtu alikuwa na simu ya mkononi. Akanijibu kwamba hata simu ya mezani ingetosha, na sikuwa na la kumpinga.

Nikiulizwa mimi, nitasema filamu hiyo inajiokoa kwa mwendo. Kila mtu anakimbia, muziki unakimbia, magari yanakimbia, na Leonardo DiCaprio anacheza Romeo asiyeweza kusubiri hata dakika moja. Kijana wa namna hiyo hata ukimpa simu hatapiga, kwa sababu akishasikia "amefariki" amekwisha kuwasha gari. Tena kuna lile la kaburini. Katika tamthiliya Juliet anaamka Romeo ameshakufa. Luhrmann anamfungua macho Romeo bado anakunywa sumu, na mkono wa Juliet unamgusa shavuni sumu ikipita kooni. Wasichana wa uani walipiga kelele, "Usinywe!" Si jambo alilolibuni yeye: David Garrick alikwisha kumwamsha Juliet mapema jukwaani London mwaka 1748. Lakini ukiliona kwa karibu namna ile, pua kwa pua, hukumbuki tena habari ya vifurushi. (Na baada ya mwaka 2020 nadhani mtu akitaka kuitengeneza upya anaweza kuirudisha karantini ile ile ya mtawa bila kuulizwa na yeyote.)

Sinema za Vishal Bhardwaj wa India ndizo zilizotukalisha kitako. Ametoa tatu kutoka kwa Shakespeare: Maqbool mwaka 2003, Omkara mwaka 2006, na Haider mwaka 2014. Macbeth, Othello, Hamlet.

Macbeth mimi nilikutana naye kwa Kiswahili kwanza, katika tafsiri ya Samuel Mushi, Makbeth, iliyotoka mwaka 1968, miaka ile ile ambayo Mwalimu Nyerere naye alikuwa akimtafsiri Shakespeare. Kitabu kilikuwa kimekaa kabatini hakina jalada. Wachawi wale watatu wanaomtabiria Macbeth ufalme nilivyowasoma, sikuona taabu kuwaamini; kwetu habari ya mtu kutabiriwa si ngeni. Ndiyo maana kijana mmoja aliponiuliza kwa nini Bhardwaj awatoe wachawi wakati India na Tanga kote waganga wapo tele, niliona ni swali la haki. Jibu lilikuja filamu ilivyoendelea. Badala ya wachawi kuna mapolisi wawili, wanachezwa na Om Puri na Naseeruddin Shah. Mmoja hupiga ramli ya nyota, anachora nyumba za sayari kwenye kioo cha gari la polisi, na anamwambia Maqbool kwamba atakuja kukalia kiti cha Abbaji, mkubwa wa wahalifu wa Mumbai ambaye Maqbool ni kama mwanawe.

Mapolisi hawa hawaishii kutabiri. Wanasukuma. Wanampokonya huyu na kumpa yule, wanafumba jicho hapa na kufumbua pale, na wanasema wazi kwamba shabaha yao ni mizani: moto lazima uwe na hofu ya maji. Kundi moja likizidi nguvu, wanalipandishia jingine. Maqbool anadhani amesomewa nyota, kumbe amesomewa mpango wa kazi. Hapo nikaona kitu ambacho hata kitabu hakikunionyesha: jinsi utabiri unavyoweza kumfunga mtu anayeishi kwenye mji wa leo, wenye magazeti na mahakama. Atakwenda kumshitakia nani, wakati anayemtabiria ndiye mwenye sare?

Na Bhardwaj amempa kitu kingine. Lady Macbeth, mke anayemsukuma Macbeth aue, amemfanya Nimmi, kimada wa Abbaji, anayechezwa na Tabu. Si mke wa Maqbool; ni mwanamke anayelala kitanda cha bosi huku akimpenda msaidizi wake. Kwa hiyo kuua si tamaa ya cheo peke yake. Bila Abbaji kufa, wawili hawa hawana mahali pa kukutana duniani. Irrfan Khan anacheza Maqbool kwa macho mazito, kama mtu asiyepata usingizi hata kabla ya kuua. Mama mwenye nyumba alisema mapema kabisa, "Huyu keshakufa, anangojea kuzikwa tu."

Omkara ndiyo tuliyoirudia zaidi, kwa kuwa ndiyo Othello, na ndiyo shule yetu hasa. Vijijini Uttar Pradesh, wanasiasa wanaotumia wababe wa bunduki. Omkara, Ajay Devgn, ni mbabe mkuu wa mheshimiwa mmoja. Weusi wa Othello umegeuzwa kuwa habari ya tabaka: baba yake Brahmin, wa tabaka la juu, mama yake mwanamke wa tabaka la chini, na watu hawaachi kumkumbusha kwamba yeye ni nusu. Dolly, binti wa wakili, anatoroka naye siku ya harusi yake na mwanamume mwingine. Baba mtu anapomwachilia mkononi mwa Omkara anamtupia neno: msichana aliyemlaghai baba yake mzazi hawezi kuwa wa mtu mwingine yeyote. Ni neno la Brabantio, baba yake Desdemona kwa Shakespeare, karibu vile vile, ila kwenye mikeka lilianguka kwa uzito ambao sijawahi kuuona darasani. Akina mama waliguna kwa pamoja.

Baadaye, mambo yalipoharibika, kijana wa chuo aliuliza lile swali kwa sura nyingine: kwa nini Dolly asiondoke tu, arudi kwao? Nilikuwa nafungua mdomo nijibu, mama mwenye nyumba akaniwahi. "Arudi wapi, mwanangu? Kwao kashapafunga mwenyewe. Ukimtoroka baba siku ya harusi, halafu ukarudi na begi kwamba mume ananishuku, nani atakufungulia?" Simu za mkononi zimo ndani ya Omkara, watu wanazungumza nazo, wala hazimsaidii Dolly hata kidogo. Hana wa kumpigia. Hivyo ndivyo njia inavyozibwa. Hakuna aliyepora simu wala mtandao uliokatika. Jamii imefanya kazi yake.

Halafu kile kiuno. Katika Othello kuna leso, zawadi ya mama yake Othello, ambayo Desdemona anaiangusha na Iago anaifanya ushahidi wa uzinzi. Darasani leso hiyo ndiyo inayowashinda wanafunzi: leso tu? mtu aue kwa leso? Bhardwaj ameitoa, ameweka mkufu wa kiunoni, kito cha ukoo ambacho Omkara anamvisha Dolly. Indu, mke wa Langda Tyagi, ambaye ndiye Iago, anauiba. Langda anaupitisha kwa Kesu, ambaye ndiye Cassio, mtu anayesingiziwa kuwa na mke wa mkubwa wake. Kesu anampa mwanamke wake mcheza ngoma. Omkara anakuja kuuona kwenye kiuno kingine. Nilitazama watu badala ya ukuta wakati ule. Vijana wa kiume walikaa kimya. Akina mama walishika midomo. Kwa mwanamke wa pwani, aliyefundwa na somo wake kwamba shanga za kiunoni ni siri yake na mumewe na hata dada yake hapaswi kuzihesabu, hapakuwa na la kutafsiri. Leso inaweza kuokotwa barabarani. Kitu cha kiunoni hakiokotwi.

Kwa hiyo tulipoanza kuandika, kila mtu alikuwa na kitu chake cha kupendekeza. Othello wetu ni nahodha wa jahazi, mtu wa kuja, asiye na ukoo Tanga. Iago ni baharia mzoefu aliyepitwa cheo. Hili tulilikuta limo ndani ya tamthiliya tayari: Iago analalamika kwamba Cassio, aliyepewa nafasi, ni mtu wa mahesabu asiyewahi kupigana vita. Kijana wetu wa majahazini aliruka: "Huyo ni yule mwenye cheti!" Akatueleza jinsi inavyouma kufanya kazi tangu ukiwa mpishi wa chomboni, kujua upepo na miamba yote, halafu chombo kufungwa injini na kukabidhiwa kijana aliyetoka chuoni juzi. Hatukuongeza kitu. Kisa cha Iago kilikuwa kimekaa mbele yetu kinakunywa chai.

Kilichotushughulisha ni leso. Kondakta alitaka kanga: nahodha amempa mkewe kanga ya mamake, mke anaipoteza, Cassio anaonekana nayo. Sote tulipenda, maana kanga ina maneno, na tulianza kuchagua maneno. Fundi cherehani akauvunja mjadala kwa sentensi mbili. "Kanga inachapwa maelfu. Nahodha akiiona kwa mwingine, mtu mwenye akili atasema kainunua dukani, doti zimejaa." Alikuwa sahihi kabisa. Kitu cha ushahidi lazima kiwe kimoja tu duniani. Tukahamia shanga zilizotungwa na bibi yake nahodha kwa mpangilio wake mwenyewe, rangi tatu na kete moja iliyovunjika pembeni. Baadhi ya akina mama walisema si adabu kuonyesha shanga kwenye filamu. Tukakubaliana kwamba mwenye kuzivaa haonyeshwi akiwa amezivaa. Zinaonekana mkononi mwa mtu tu, na hilo, kwa maoni yangu, linatisha zaidi.

Simu nayo ilituletea tabu ya aina yake. Othello anamdai Iago ushahidi wa macho. Leo mume mwenye wivu hadai, anasema "lete simu". Mke wetu hana hatia, angemkabidhi, simu ingekutwa safi, na tanzia ingeishia hapo. Tulizunguka hapo kwa muda mrefu. Mmoja alitaka simu idumbukie baharini, mwingine alitaka iibiwe kwenye daladala. Mimi nilizikataa zote, kwa sababu ajali ya namna hiyo ni mkono wa mwandishi na mtazamaji ataunusa. Mwisho binti wa chuo aliuliza kwa upole: je, kama kuna ujumbe aliufuta? Mke alimwandikia Cassio kwamba atamwombea msamaha kwa nahodha, kama Desdemona anavyofanya. Kisha, akimjua mumewe kwa hasira, akaona bora aufute, amweleze mwenyewe kwa mdomo usiku. Nahodha anafungua simu na anakuta alama ya kwamba hapa palikuwa na ujumbe umefutwa. Ni kitendo cha mapenzi, alichokifanya ili nyumba itulie. Hakuna maneno ambayo angeweza kuyaandika yangekuwa mabaya kama ule upenyo mtupu, na Iago hana haja ya kusema kitu ila, "Labda si chochote, nahodha."

Tangu siku ile nimeacha kuiogopa simu katika hadithi za namna hii. Waliofanikiwa hawakuikimbia. Michael Almereyda, katika Hamlet yake ya mwaka 2000 iliyowekwa New York, habari ya kijana anayeambiwa na mzimu wa baba yake kwamba mjomba ndiye aliyemwua, anamvalisha Ophelia kinasa sauti mwilini, kwa amri ya baba yake, aende kuzungumza na mpenzi wake huku wakubwa wanasikiliza. Mashine inayotakiwa kuunganisha watu ndiyo inayomsaliti msichana. Mambo mengine ya filamu hiyo hayakunikaa, lakini uso wa Hamlet anapougundua ule waya, hilo ni la Shakespeare hasa. Naye Kurosawa wa Japani, mwaka 1960, aliipeleka habari ya Hamlet kwenye ofisi za Tokyo katika The Bad Sleep Well. Harusini inasukumwa keki yenye umbo la jengo la ofisi, na ua limechomekwa kwenye dirisha ambalo mtu alijirusha akafa. Hakuna mzimu uliotokea, na wakubwa mezani wamekufa ganzi kama walioona mzimu.

Haider tuliitazama mwisho, na watu walitoka kwa huzuni ya namna nyingine. Kashmir, mwaka 1995. Baba yake Haider ni daktari aliyemfanyia upasuaji nyumbani kiongozi wa wapiganaji. Jeshi linamchukua, nyumba inalipuliwa, na tangu hapo hajulikani alipo. Mama yake, Tabu tena, ni miongoni mwa wanawake wanaoitwa huko nusu-wajane: waume zao walichukuliwa na hawakurudishwa, wala maiti haikupatikana. Hapo ndipo mzimu wa baba yake Hamlet unapopata mwili. Anakuja mtu aliyekuwa mfungwa pamoja na yule daktari, na anabeba ujumbe wake. Kwa nini Haider asiende polisi? Hakuna aliyeuliza. Ilikuwa ni mara ya kwanza uani kwetu swali halikutoka.

Mwisho wake ulitugawa. Hamlet wa tamthiliya anamwua mjomba wake. Haider anamkuta mjomba amekatika miguu kwa mlipuko ambao mama mtu alijifungia mwilini mwenyewe, mjomba anamwomba ammalizie, naye anaondoka amwache. Kondakta aliona amenyimwa haki yake. Mimi naona Bhardwaj alikuwa na sababu kubwa: katika nchi ambayo kila kisasi kimezaa kingine, kumwua mjomba kungekuwa kurudia tu kile ambacho filamu nzima imetuonyesha. Lakini sitaki kulifanya hilo kuwa kanuni. Katika Omkara amefanya kinyume. Iago wa Shakespeare anabaki hai, anapelekwa kuteswa. Langda anauawa na mkewe Indu kwa chuma cha makali, na akina mama wa uani walipiga vigelegele.

Wanataka Emilia wetu, mke wa Iago, naye afanye hivyo. Nimewakatalia, na fundi cherehani, ambaye ndiye Emilia, yuko upande wangu. Katika tamthiliya Emilia hashiki silaha. Anasema. Anaeleza mbele ya watu kwamba leso aliiokota yeye na mumewe ndiye aliyeichukua, mumewe anamwamuru anyamaze aende nyumbani, hanyamazi, anauawa kwa hilo. Wetu atasema kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la mabaharia wote wa chombo, ili mumewe asipate njia ya kuufuta kwa kila mtu. Maneno yake fundi anayaandika mwenyewe. Ameshanisomea mara kadhaa, na kila mara anapunguza.

Kijana wa majahazini, anayecheza Iago, ameniomba aongezewe maneno ya mwisho ya kujieleza, kwamba cheti kile kilimuuma kweli. Nimemsomea alivyoandika Shakespeare: Iago akishakamatwa anasema hatatamka neno tena, na hatamki. Ameshakubali kukaa kimya, ila anataka kamera ibaki usoni kwake kwa muda mrefu, na hilo nimempa.